Kisu Kimemaliza, Dawa Bado

Kila asubuhi wanawake wa mtaa mmoja wa Koboko, Uganda, walishika majembe, wakaenda kupalilia simsim. Mariam Poni alibaki uani, amejikunyata juani na blanketi. Jua lilikuwa kali, naye alitetemeka.

Zamani hakuwa hivyo. Yeye na familia yake walipokuwa wakimbizi Sudani, alipata rovu, uvimbe mkubwa wa shingo. Lilimbana hata kumeza uji ikawa taabu. Madaktari wa huko walilikata, akapona. Mwaka 1987 familia ikarudi nyumbani.

Haukupita mwaka, mwili ukamgeuka. Uso ulivimba. Sauti ikawa nzito. Alisahau chungu motoni mpaka kikaungua. Kwenye matanga ya mama yake mzazi, usingizi ulimshika mbele ya watu. Ndugu zake waliona aibu.

Mumewe, Nasuru, fundi cherehani, alichoka. Aliwaambia ndugu zake Mariam kuwa dada yao ni mvivu, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Umaru, wewe iko mvivu tu. Ijumaa narudisha wewe kwa ndugu zako."

Mariam alitaka kulia, lakini hata kulia kulihitaji nguvu.

Ijumaa asubuhi alikuja jirani yao Candiru, muuguzi mzaliwa wa Ediofe, kuchukua gauni lake la gomesi kwa Nasuru. Alimkuta Mariam anafunga nguo zake. Akaliona kovu shingoni.

"Mama Umaru, hii kovu iko ya nini?"

"Ya rovu, sista. Walikata Sudani."

"Hawakukupa dawa?"

"Walinipa vidonge. Vikaisha njiani. Shingo ilikuwa imepona, nikasema basi."

Candiru aliketi. "Baba Umaru, acha cherehani, sikiliza. Ndani ya shingo iko tezi. Ile ndiyo inapa mwili joto na nguvu. Rovu ni tezi hiyo imevimba. Daktari akitoa yote, kidonge ndiyo inafanya kazi yake. Kila siku, mpaka mwisho wa maisha."

"Hata kama iko mzima?" Nasuru aliuliza.

"Iko mzima kwa sababu ya kidonge. Huyu si mvivu. Iko mgonjwa. Mkimwacha hivi, siku moja atalala, hataamka."

Nasuru aliacha cherehani. Kisha akazichukua nguo zile, akampeleka mkewe hospitali ya Arua.

Daktari alimpima, akaanza na dawa kidogo. "Meza asubuhi kwa maji, kabla ya kula. Usiongeze mwenyewe, usiache. Rudi upimwe. Kila mwili una kipimo chake."

Wiki za kwanza hakuna kilichobadilika. Nasuru alikuwa akiuliza kila siku, "Umemeza?" Mwezi wa pili uvimbe wa uso ulipungua. Mwezi wa tatu Mariam aliliweka blanketi sandukuni, akashika jembe.

Jioni moja Nasuru alimwambia, "Mama Umaru, nilikutukana. Nisamehe."

"Mimi nimesikia," Mariam alijibu. "Lakini ulisema kwa ndugu zangu pia. Nenda."

Kesho yake Nasuru alikwenda. Alikaa chini mbele ya shemeji zake, akasema, "Dada yenu hakuwa mvivu hata siku moja. Ni mimi sikujua."