Simu ya Mkunga

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, mama yake Chiriku alikagua mkanda wake wa kupandia nguzo. Aliukunjua sakafuni, akapitisha vidole kwenye kila mshono, akavuta kila kifungo kwa nguvu, kisha akauviringisha na kuutia kwenye mfuko wa kazi. Chiriku naye alikuwa na shughuli zake: kufagia sebule, kuosha vikombe, na kuongea. Aliongea tangu anaamka mpaka anasinzia, ndiyo maana mtaa mzima ulikuwa umelisahau jina alilopewa na wazazi wake. Mama yake alikuwa fundi wa shirika la simu za mezani. Majirani walimwita Mama Nguzo, kwa sababu ukimtafuta ilikubidi uangalie juu.

Lakini siku hizo mkanda ulikaguliwa tu, kazi haukupata. Makampuni ya simu za mkononi yalikuwa yameingia mjini kwa kishindo, na mojawapo lilifungua duka ng'ambo ya barabara, likitazamana uso kwa uso na ofisi ya shirika. Isitoshe, wezi wa nyaya za shaba walikata laini za mtaa wa bondeni. Mafundi walipofunga mpya, wezi walirudi wakakata tena. Watu walichoka kulalamika, wakaanza kurudisha simu zao.

"Mama, ofisi ikifungwa utapanda nini?" Chiriku aliuliza akimimina chai.

"Nitapanda mchicha," mama akajibu.

Walicheka wote wawili, ila kicheko cha mama kilikuwa cha juu juu. Akavuta kiti.

"Hatujafika huko, mwanangu. Kaa nikueleze. Unauona ule mnara mpya kilimani? Ni wetu. Sasa tuna simu ya mezani isiyo na waya wa kwenda kwenye nguzo. Inazungumza na mnara kwa mawimbi, kama redio. Mteja anaichukua ofisini, anaichomeka kwenye umeme nyumbani kwake, basi. Meneja ametaka tuanze na mtaa wa bondeni. Tukifaulu, tawi letu linabaki. Tukishindwa, mlango unafungwa."

"Na wewe unayajua hayo mambo ya mawimbi?"

"Nilikuwa siyajui. Nimejifunza."

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa amehudhuria mafunzo pamoja na vijana wa rika la wapwa zake. Mwanzoni walimwita shangazi na kumtania kwamba anatafuta nguzo darasani. Alirudi nyumbani macho mekundu kwa kusoma, lakini hakukosa kipindi hata kimoja. Asipoelewa aliuliza, asipoelewa tena aliuliza tena, mpaka wale vijana wakaanza kukaa karibu naye ili wafaidike na maswali yake.

Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, mama alimchukua Chiriku wakapime mtaa wa bondeni pamoja. Kila mmoja alibeba simu ya majaribio yenye betri. Mama alishika safu ya nyumba za kulia, Chiriku ya kushoto.

"Sikiliza," mama alimwambia. "Fika mlangoni, ubishe hodi, uwaeleze wenyeji, halafu unipigie uniambie unanisikiaje. Usipigie njiani. Mlangoni."

Chiriku aliipenda kazi hiyo kuliko michezo yote ya likizo. Hodi hapa, shikamoo pale, simu sikioni, "Mama, nakusikia vizuri!" Alijiona fundi kamili. Lakini jua lilizidi kupanda, njia ikazidi kuteremka, na viatu vikaanza kumbana. Alipofika nyumba ya mwisho, nyuma ya ghala kubwa la mabati, alikuwa hoi.

Hiyo ilikuwa nyumba ya Mkunga. Mwenyewe alikuwa zahanati. Chiriku alisimama mlangoni, akapiga.

"Chi... ku... ko wapi... sik..."

Sauti ya mama ilikatika vipande vipande. Chiriku alihamia dirishani, akapiga tena. Ikawa vilevile. Akainua simu juu ya kichwa, akaizungusha, akapiga tena. Safari hii hakusikia chochote.

Akakumbuka maneno ya meneja asubuhi ile: "Mama Nguzo, mtaa ukionekana safi leo, kesho tunaanza kugawa simu. Wenzetu wa ng'ambo hawalali." Chiriku akaitazama ile nyumba. Moja tu! Nyumba zote zimeitikia, hii moja ndiyo iwaharibie? Akapanda mteremko, akalipita ghala, akasimama mahali palipo wazi na kupiga.

"Nipo mlangoni kwa Mkunga, mama. Nakusikia vizuri kabisa."

"Hata mimi nakusikia kama uko hapa hapa! Njoo, mwanangu. Tumemaliza!"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku hakufungua kinywa. Mama akamtazama kwa mshangao. "Leo vipi, umemeza ulimi?"

"Nimechoka tu, mama."

Simu zilianza kugawiwa, na watu wakajaa ofisini. Wengine walikuwa wale wale waliozirudisha zile za waya. Meneja alitembea kifua mbele. Siku chache baadaye Chiriku alimpelekea mama chakula cha mchana, akakuta foleni imefika hadi nje. Mama alikuwa kaunta, akimwonyesha mzee mmoja jinsi ya kuichomeka simu yake mpya.

Mara foleni ikagawanyika. Mkunga aliingia, mrefu, aproni yake bado kiunoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia apange mstari, kwani nusu ya waliokuwa pale walizaliwa mikononi mwake. Akaweka simu juu ya kaunta.

"Chukueni kitu chenu."

"Kuna nini, dada?" mama akauliza.

"Kuna nini? Jana jioni baba mmoja alinipigia. Nikasikia 'mke wangu', nikasikia 'haraka', basi. Ikakatika. Nani? Wapi? Sijui! Nimesimama na begi langu mlangoni, sijui niende kushoto au kulia. Ikabidi yule baba aje mbio mwenyewe, akamwacha mkewe peke yake. Nilifika mtoto anatoka. Mungu saidia wote wazima. Lakini ingekuwa vinginevyo, mngemwambia nini yule baba?"

Vijana wawili walitoka kwenye foleni, wakavuka barabara kuelekea lile duka lingine. Meneja aliwasindikiza kwa macho, kisha akamgeukia mama.

"Mama Nguzo, nyumba hii ilipimwa?"

"Ilipimwa. Ilisikika vizuri." Mama aliigeuzageuza ile simu mikononi. "Nisamehe, dada. Inawezekana nilikosea mahali. Kosa ni langu."

Chiriku alikuwa bado ameshika chombo cha chakula. Angeweza kukiweka kaunta na kuondoka, na hakuna ambaye angejua. Alimwona mama yake ameinamisha kichwa mbele ya watu wote wale, akiomba radhi kwa jambo asilolifanya.

"Si kosa la mama," akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akaikaza. "Ni langu. Mlangoni kwako simu ilikatika, bibi. Nikapanda mteremko, nikalipita ghala, nikapigia huko. Nikamdanganya mama kwamba nipo mlangoni."

Mama alimtazama. Chiriku angependa agombezwe kuliko kutazamwa vile.

"Asante kwa kusema," mama akasema. "Ya nyumbani tutayazungumza nyumbani." Kisha akapaza sauti, foleni nzima imsikie. "Ndugu zangu, anayeishi chini ya ghala asichukue simu leo. Nitapima upya kila mlango. Pasiposikika nitawaambia hapasikiki."

Meneja akamsogelea, akanong'ona, "Unawafukuza wateja."

"Wakirudi kesho na simu zao kama huyu dada, je, bosi?"

Meneja akakuna kidevu. Akaitazama ile simu aliyoishika mama, akamtazama Mkunga, akashusha pumzi. "Chukua gari," akasema. "Nami nampigia mhandisi wa mnara aje na antena za nje."

Walianza mchana ule ule. Mawingu yalikuwa yametanda, na kabla hawajafika bondeni mvua ilianza kumwagika, lakini mama hakutafuta mahali pa kujikinga. Alivaa koti la mvua, akampa Chiriku lingine lililomfika visiginoni. Safari hii walitembea pamoja. Mlango baada ya mlango, Chiriku alipiga, na kila alichosikia alikisema kilivyo.

"Hapa inakwaruza."

"Sana au kidogo?"

"Kidogo. Ukisema polepole naelewa."

"Vizuri. Twende mbele."

Mhandisi alipofika, alilizunguka ghala mara moja akatikisa kichwa. Lile paa na zile kuta za mabati ndizo zilizuia mawimbi, akaeleza. Nyumba ya Mkunga, iliyojificha nyuma yake, ilihitaji antena iliyoinuliwa juu ya paa lile. Lakini iinuliwe kwa kitu gani? Nyumba yenyewe ilikuwa fupi.

Mama alifuta mvua usoni, akazitazama nguzo zilizosimama uchi tangu wezi wachukue nyaya.

"Hizi je?"

Mhandisi akacheka kwa furaha. "Hizi hizi, Mama Nguzo!"

Mvua ilipokatika na nguzo kukauka, mama alifunga mkanda wake akapanda. Mhandisi alimrushia kamba, mama akaivuta antena, akaifunga, akaielekeza kilimani. Mhandisi akateremsha waya mfupi hadi ndani ya nyumba ya Mkunga. Chiriku alisimama mlangoni, ile simu ya Mkunga waliyoirudisha ikiwa sikioni.

"Unanisikiaje?" mama akauliza kutoka juu kwa simu yake ya majaribio.

"Bado inakatika."

Mama akaigeuza antena kidogo. "Sasa?"

Chiriku alitamani sana kusema ndiyo. Mama alikuwa ameuegemea mkanda kwa uchovu, alimwona. "Bado, mama. Maneno ya mwisho yanapotea."

"Sawa." Akaigeuza tena. "Na sasa?"

"Sasa nakusikia hata unavyohema!"

Jioni ilikuwa inaingia walipokuwa wakifungasha vifaa barazani kwa Mkunga. Simu ililia ndani. Mkunga aliipokea, akasikiliza, akauliza maswali machache kwa sauti tulivu. Kisha akatoka na begi lake.

"Nyumba ya pembeni ya kisima, mtoto wa kwanza," alisema, tayari anatembea. Akasimama, akamshika Chiriku begani. "Nimesikia kila neno," akasema, akashika njia.

Mama aliketi kwenye ngazi ya baraza, akamvuta Chiriku karibu.

"Nami nina kosa langu," akasema. "Nilikupa kazi ya fundi, nikaenda zangu. Sitarudia. Lakini lako ulijue vizuri. Tumebadilisha nyaya, tumeweka mnara, na kesho watakuja wengine na mitambo mizuri zaidi. Mimi nikiwa kule juu sikuoni. Yule mama anayeumwa uchungu hamwoni Mkunga. Kila mmoja anamwamini mwenzake kwa neno tu. Ukiniambia 'nakusikia' wakati hunisikii, hakuna mnara utakaotusaidia. Niambie 'bado', hata kama nimechoka. 'Bado' yako ndiyo iliyonifanya nigeuze antena."

Chiriku akaitika kwa kichwa. Kisha akasimama, akaitwaa simu ya majaribio kabla mama hajaifunga.

"Kuna nyumba mbili huku nyuma hatujazipima upya," akasema.

Mama akachukua taa, wakaenda.