Saini Aliyonyimwa Mizani

Waligongana saa mbili asubuhi mbele ya meza ya vitambulisho ya maonyesho ya bayoteknolojia, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mwanamke alikuwa amebeba boksi la vipeperushi lililomfika kidevuni. Mwanamume alikuwa anatembea huku anasoma simu, kama wanavyotembea watu wanaodhani njia ni ya baba yao. Boksi likaanguka, vipeperushi vikamwagika sakafuni, na umati ukavikanyaga bila huruma.

"Samahani, dada, sikuku..."

Dada mwenyewe alikuwa amechuchumaa, gauni la kijani limemkaa sawasawa kiunoni, nywele amezisuka na kuzifunga juu, na jicho alilomtupia lingeweza kuchemsha maji.

"Mizani," akasema mwanamke.

"Kalamu," akajibu mwanamume.

Hayo ndiyo majina waliyopewa kiwandani, na kiwandani ndiko walikopendana. Kiwanda chenyewe hakina dawa yake hata moja. Kinatengenezea wengine: umevumbua dawa lakini mitambo huna, unawapelekea, wanaitengeneza, wanaijaza kwenye vichupa, unaondoka nayo ikiwa na jina lako. Mizani alikuwa mpimaji wa malighafi na Kalamu alikuwa shahidi wake. Kazi ile ina sheria moja isiyo na mjadala. Mmoja anapima, wa pili anasimama pembeni akiona kwa macho yake, kisha wote wawili wanatia saini.

Wiki mbili kabla ya harusi yao, Mizani alipima peke yake. Halafu akamletea mchumba wake fomu, atie saini kana kwamba alikuwepo. Kalamu akakataa. Bechi nzima, yaani dawa yote ya mkupuo ule, ikamwagwa, Mizani akafukuzwa kazi, na jioni hiyohiyo akazima simu na kutokomea. Miaka mitatu, jamani! Harusi imeshatangazwa, kadi zimeshagawiwa, bwana harusi hayupo.

Kila mmoja alibaki na kiapo chake. Mizani aliapa kwamba siku moja atakiaibisha kiwanda kile mbele ya watu wote wa kazi yao. Kalamu aliapa kwamba siku moja mwanamume yule atapiga magoti amwombe amuoe, naye atamjibu neno moja tu: hapana. Neno hilo alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni.

"Umependeza," Mizani akasema.

"Umenikanyagia karatasi zangu."

"Ulimi bado unao."

"Na wewe miguu ya kukimbilia bado unayo?"

Mizani akaokota kipeperushi kimoja, akakisoma taratibu. "Banda la kumi na saba. Kumbe mnatafuta wateja. Kesho saa nne nazungumza ukumbi mkubwa. Uje, mpenzi. Utafurahi."

"Koma kuniita mpenzi."

"Basi uje, shahidi."

Akaenda zake na suti yake ya buluu, manukato yakibaki nyuma. Manukato yaleyale ya zamani, na hilo ndilo lililomuudhi Kalamu kuliko yote.

Bandani, meneja wa kiwanda alikuwa ameshaisoma ratiba na jasho lilikuwa linamtoka. Siku hizi Mizani alikuwa mkurugenzi wa kampuni ndogo yenye dawa mpya ya damu, na katika maonyesho yale ya bayoteknolojia kila mwenye kiwanda alikuwa anamkimbilia. Mada yake ya kesho ilikuwa "Namna ya kumtambua mtengenezaji asiyefaa."

"Kalamu, mwanangu, huyu anatumaliza," meneja akasema. "Chumba cha kujazia dawa za sindano kina miezi minne hakijapata kazi. Tukirudi mikono mitupu, kinafungwa."

"Asikutishe, bosi. Namjua. Maneno mengi, mbio nyingi."

Lakini mchana alijificha nyuma ya banda akampigia mama yake.

"Nani? Yule yule?" Mama alipiga kelele mpaka Kalamu akaisogeza simu mbali na sikio. "Nipe niongee naye!"

"Siko naye, mama."

"Mwambie gauni la harusi nilishalikata mapazia. Ya chooni! Mwambie ya chooni!"

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie! Akutendaye mtende, mwanangu. Usije ukalegea."

"Silegei."

Kesho yake ukumbi ulifurika. Mizani alipanda jukwaani na tai nyekundu, akagonga kipaza sauti kwa kidole, akaanza kwa upole. Upole wenyewe haukufika dakika tano.

"Nilipima sawasawa," akasema. "Gramu kwa gramu. Kiwanda kizima kilijua nimepima sawa. Shahidi wangu alikuwa mchumba wangu, na yeye ndiye aliyejua mikono yangu kuliko mtu yeyote. Nilimwomba saini moja. Moja tu! Akaninyima, eti hakuona kwa macho yake. Wakaimwaga bechi nzima, dawa safi kabisa, kwa sababu ya nafasi moja isiyo na saini. Mimi wakanitupa nje kama takataka. Watu wa namna hiyo ndio mnataka wawatengenezee dawa? Wako banda la kumi na saba. Mkapite mbali."

Kalamu, aliyekaa mstari wa nyuma, mashavu yalimwaka moto. Kule mbele, mama mmoja mnunuzi, miwani kwenye ncha ya pua, akanyoosha mkono.

"Samahani, baba. Nataka nielewe. Unasema binti alimkatalia mchumba wake mwenyewe, harusi iko mlangoni, kwa sababu hakushuhudia?"

"Ndiyo!"

"Na kiwanda kikaimwaga dawa, badala ya kuiuza kimyakimya?"

"Ndiyo, mama! Ndicho ninachowaambia!"

Yule mama akachomoa kalamu. "Banda la ngapi ulisema?"

Lo! Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikichimba mchana kweupe, akiwa na kipaza sauti mkononi. Kabla kicheko hakijaisha, Kalamu alikuwa amesimama.

"Shahidi mwenyewe ni mimi," akasema, na vichwa vyote vikageuka. "Swali langu ni dogo. Sindano ile ingekuwa inakwenda kwenye mkono wa mama yako, ungetaka nisaini?"

Watu walikuwa wameshaanza kunyanyuka, na hawakuwa wanaelekea chooni.

Foleni ya banda la kumi na saba ilifika mpaka kwenye mlango wa dharura. Meneja alikuwa anagawa vipande vya karatasi vyenye namba, anacheka peke yake kama aliyeota ndoto nzuri. Saa sita Mizani naye akatokea, uso umemshuka. Washirika wake walikuwa wamempigia simu: tumesikia hotuba, hao ndio tunaowataka, nenda ukaongee nao leo hii.

"Kalamu, tunaweza kuzungumza kidogo?"

"Chukua namba, kaka."

"Ina maana hunifahamu?"

"Nakufahamu vizuri sana. Ndiyo maana nakwambia chukua namba."

Alipewa ya thelathini na moja. Akasimama na viatu vyake vipya vinavyobana, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kalamu alimhudumia kila aliyekuwa mbele yake kwa tabasamu la meno yote. Zamu ya Mizani ilipofika, Kalamu akafungua pakiti ya biskuti.

"Niko mapumzikoni," akasema, akatafuna moja baada ya nyingine mpaka pakiti ikaisha. Acheni uongo, na nyinyi mngefanya vilevile.

Saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa unabomolewa. Vijana wa mazulia walikuwa wanayakunja, mafundi wanashusha taa. Mizani akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mambo ya mkataba baadaye," akasema. "Unajua kwa nini siku ile nilipima peke yangu?"

"Najua. Nilikuwa kwa fundi cherehani najaribu gauni. Nilichelewa saa nzima, ukaogopa nisije nikaonekana sipo kazini."

Mizani akamkodolea macho. "Ulijua? Ulijua nilikuwa nakuficha, na bado ukaninyima?"

"Nilikunyima saini. Sikukunyima mengine." Sauti ya Kalamu ilianza kutetemeka, na hilo hakuwa amelifanyia mazoezi. "Kwenye nafasi ya shahidi niliandika kwa mkono wangu: sikuwepo, kosa ni langu. Wewe unafunga mabegi, mimi niko mbele ya bosi nakutetea. Muulize, huyo hapo! Nilishushwa cheo. Miezi kumi na moja nimeosha vichupa, vidole vinachubuka, na kila jioni nakupigia. Kila jioni, Mizani! Namba unayopiga haipatikani. Namba unayopiga haipatikani."

Meneja alitikisa kichwa kukubali, kisha akajifanya anahesabu viti.

"Sikujua," Mizani akanong'ona.

"Ungejulia wapi? Ulizima simu."

Machozi yalimtoka yule mwanamume na hakuyafuta. Akateremka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, palepale penye vumbi na vipande vya gundi, mafundi wakaacha nyundo zao wakitazama.

"Miaka mitatu nilidhani uliniuza. Nikaja kukuaibisha mbele ya watu, basi na mbele ya watu nakuomba. Nisamehe. Uolewe na mimi, Kalamu."

Ndiyo hiyo sasa. Magoti yalikuwa chini, machozi yalikuwepo, na watazamaji walikuwepo hata zaidi ya alivyoomba. Kalamu akainua kidevu, akaweka mkono kiunoni.

"Hapana," akasema.

Akachukua mkoba, akatoka. Meneja alijishika kichwa.

Neno lilikuwa tamu, asidanganye mtu. Lilikuwa tamu njia nzima ya ukumbi, likawa tamu kwenye ngazi. Kwenye kituo cha teksi akapiga simu.

"Mama, nimemwambia hapana."

Vigelegele vikapasua simu. "Safi! Magoti alipiga?"

"Alipiga."

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Safi kabisa! Leo nalala usingizi wangu wote. Ngoja... mbona na wewe unalia?"

Teksi ikasimama, dereva akasubiri, akachoka, akaondoka.

"Wewe mtoto," mama akasema, safari hii polepole. "Ulikuwa unataka kisasi, au unataka mume?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi kimoja umeshakipata. Rudi ndani upesi, kabla hawajafunga mlango."

Alikimbia na viatu mkononi. Banda la kumi na saba lilikuwa limebaki nguzo tupu, na Mizani alikuwa bado chini, meneja amemshikia glasi ya maji.

"Niulize tena," Kalamu akasema, akihema.

"Utajibu nini?"

"Uliza kwanza!"

Akauliza.

"Vyombo vya nyumba yetu," akasema Kalamu, "utaosha wewe. Miezi kumi na moja. Kila siku, na mimi nimesimama pembeni naangalia."

"Nitaosha."

"Basi inuka, suti inachafuka."