Majibu ya Wodi ya Sita

Saa tatu kamili asubuhi, wasikizi mia nne wa Hospitali ya Kanda ya Lwambi waliuliza swali moja kwa wakati mmoja. Msikizi ni mashine ndogo, ukubwa wake hauzidi kopo la maziwa. Hukaa kwenye kichwa cha kitanda na huongea kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri. Huamkia kwanza, kama adabu inavyotaka, kisha huuliza: "Habari za matibabu?" Mgonjwa akijibu, jibu lake hupimwa na kugeuzwa namba, na namba zote zikikusanywa hutoa kiwango cha faraja cha siku hiyo. Kabla madiwani hawajamaliza chai yao, kiwango kilikuwa kimeshawaka ukutani mwa ukumbi wa halmashauri: tisini na saba.

Mheshimiwa Subilaga Mwaisaka, mwenyekiti wa Kamati ya Afya, aliipenda namba ile, tuseme ukweli. Zamani madiwani walikuwa wakizunguka wodini kila baada ya miezi mitatu, wakisikiliza malalamiko kitanda kwa kitanda mpaka miguu inawaka moto. Yeye ndiye aliyeleta hoja kwamba ziara zile zifutwe. Kazi ya kuwahudumia wagonjwa ilikuwa imeshakabidhiwa mashine-uguzi, na msikizi hachoki wala hana upendeleo, sasa wao wakatafute nini kule? Hoja ilipita bila kupingwa, na makofi yakapigwa.

Siku hiyo taarifa ya robo mwaka ilikuwa karibu kupokelewa pale mzee mmoja aliponyoosha mkono kutoka viti vya wananchi. Alikuwa amevaa koti la sufu lililopauka mabegani, na kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Subilaga. "Karibu uzungumze."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Anyosisye Mwalyego. Mke wangu, Tupokigwe, alifia wodi ya sita mwezi uliopita. Alikuwa na kidonda cha mguu. Kila siku nililetewa namba yake kwenye simu: tisini na sita, tisini na tano. Nikajua mwenzangu anaendelea vizuri, nikabaki nalima viazi. Siku ya kumi nikaambiwa nikachukue mwili."

"Pole sana, mzee wetu."

"Nimeshapoa. Barua ya hospitali inasema hakuwa na lalamiko lolote. Mimi nimeishi naye miaka arobaini na tisa. Nataka kusikia alivyosema."

Sheria ilimruhusu. Mfiwa alikuwa na haki ya kusikia sauti ya marehemu wake, ila hakuna aliyewahi kuidai. Subilaga akamgeukia mhandisi Ndele, mtu wa makamo aliyewatunza wasikizi tangu walipofungwa vitandani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Ndele, "sauti zenyewe hatujawahi kuzifungua. Huwa tunaangalia namba tu."

"Fungua."

Sauti ya Tupokigwe ikajaa ukumbini, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kucheka.

"Nzuri tu, mwanangu, namshukuru Mungu. Ila hiki kidonda tangu jana kinatoa harufu, na hii mashine yenu inafunga bandeji juu ya..."

"Ahsante, mama," msikizi akamkatiza kwa upole. "Siku njema." Ukutani ikawaka namba yake ya siku ile: tisini na sita.

Siku ya tatu: "Nzuri. Ila mguu umekuwa mweusi mpaka huku karibu na goti. Hebu niitie mtu."

"Ahsante, mama. Siku njema."

Siku ya saba alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya neno. "Nzuri, mwanangu. Ila mwambieni mzee wangu aje."

Mzee Anyosisye akaketi. Hakulia, lakini kofia aliikunjakunja mpaka ikapoteza umbo. Subilaga alitamani Ndele azime pale pale, na aliona aibu kulitamani hilo.

Siku ya tisa msikizi aliamkia na kuuliza. "Nzuri," alijibu Tupokigwe. Wote wakasubiri aendelee. Hakuongeza kitu. Ukutani ikawaka mia moja.

"Ilikuwaje?" aliuliza Subilaga. "Mashine-uguzi hazikuuona mguu?"

"Hazibadilishi tiba mpaka msikizi atume lalamiko," alisema Ndele, macho yakiwa mezani. "Na msikizi hupokea jibu la kwanza, basi. Sisi huku tunajuana, Mheshimiwa. Mtu ana msiba ndani, ukimuuliza habari atasema nzuri kwanza, ndipo akueleze. Mwanzoni msikizi alikuwa anasikiliza mpaka mwisho. Taarifa zikawa ndefu, kamati ikaagiza zifupishwe."

Kamati. Ndele alikuwa mtu wa heshima, hakutaja jina. Lakini Subilaga alikumbuka vizuri siku ile, na utani alioutoa uliowavunja watu mbavu: watu wetu, ukiwapa nafasi ya kujieleza, watakuweka hapo mpaka masika. Kisha akatia saini.

Katibu alimwinamia, akanong'ona kwamba muda umekwenda, pengine jambo hili liundiwe kamati ndogo na wasonge kwenye ajenda ya nne. Subilaga alishuka jukwaani, akaenda mpaka viti vya wananchi, akapiga goti mbele ya mzee.

"Siku zote hizo tisa," alisema Anyosisye, "alikuwa anamwambia nani?"

Subilaga angeweza kusema alikuwa anaiambia mashine. Angeweza kusema alikuwa anaiambia hospitali, na ukumbi mzima ungekubaliana naye.

"Alikuwa ananiambia mimi, mzee."

Anyosisye akatikisa kichwa taratibu, akasimama, akaivaa kofia yake iliyokunjika.

"Basi ungemjibu," alisema.