Waya wa Taa ya Kitandani

Rafiki yetu, fundi cherehani, si mtu wa kuzusha mambo. Alikuwa akigeuza gari la mizigo liwe nyumba ya safari, kazi aliyoianza na mkewe, mwanamke aliyemenya waya kwa meno hata agombezwe vipi. Mke alishazikwa na safari haikuwepo tena; mume alimalizia tu asikae bure.

Mchana mmoja, peke yake kwenye giza la gari lisilo na madirisha, alisukuma waya wa taa nyuma ya mbao za ukuta, ukakwama. Kwa mazoea akasema, "Vuta basi, mama watoto."

Kitu kikakwaruza ndani ya ukuta. Waya ukamtoka mkononi taratibu.

Akapapasa hadi upande wa pili, waya ulikotokezea. Vidole vikaigusa ncha: imeshamenywa, imelowa mate, bado yana joto.