Bibi Harusi wa Jukwaa la Pili

Siku machela ilipoletwa studio, wabebaji wanne waliitua chini mara tatu kati ya lango na Jukwaa la Pili, na kila walipoitua walifungua mlango wake kutazama ndani. Haikuwa na mtu. Ilikuwa kijumba cha mbao chekundu, chenye nafasi ya mtu mmoja, juu ya miti miwili mirefu ya kubebea.

"Kitu kitupu gani hiki kinachotuvunja mabega?" aliuliza Tong, kiongozi wa wabebaji, jitu la miraba minne lililokuwa likibeba magunia bandarini kabla ya kuingia kwenye sinema.

"Mbao za zamani hizo," alisema Mzee Lian, fundi wa vifaa. "Si kama maboksi yenu ya siku hizi. Beba, acha kulia."

Ilikuwa Julai, upande wa Kowloon, Hong Kong, mwaka wa sitini na mbili, na joto chini ya mabati ya jukwaa lilikuwa la kuchemsha chai. Studio ilikuwa ikitengeneza filamu ya kuchekesha, ya Kimandarini, kuhusu msomi mjinga anayeozwa mzimu bila kujua. Karibu wote waliokuwa wakiifanyia kazi walikuwa watu wa kaskazini waliokimbilia Hong Kong wakati wa vita, na hata sasa wakienda sokoni walinunua samaki kwa kuonyesha vidole, maana Kikantoni, lugha ya wenyeji, kiliwashinda.

Mwongozaji wao alikuwa Kuang Shaoyi, mtu wa jimbo la Shandong, miaka hamsini na moja, mfupi, mwenye sauti ya kumzidi kimo. Filamu zake zilijaza kumbi kuanzia Taipei hadi Singapuri. Machela aliiona mwenyewe katika duka la vitu vya kale, akaitambua kwa chapa ya ukoo wao iliyochongwa mgongoni. Binamu zake walikuwa wameihamisha kusini pamoja na samani za bibi yao, wakaiuza.

"Hii ndiyo iliyonifanya niwe mwongozaji," aliwaambia waigizaji wake asubuhi ile, akipigapiga mlango. "Nilikuwa na miaka saba. Ami yangu anaoa. Kwetu bibi harusi hubebwa ndani ya kijumba kilichofungwa kwa nje, na wabebaji humtikisa njia nzima kumtania. Basi walimtikisa huyo! Anapiga kelele, anagonga mbao, watu wanashika mbavu. Mimi niko juu ya ukuta nasema 'Tena! Tena!' Nilicheka mpaka nikaanguka upande wa pili."

Watu wote wakacheka. Yin Peilan, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeigiza bibi harusi, naye alicheka, kisha akauliza, "Harusi yenyewe iliishaje, Bosi?"

"Nani anakumbuka? Watoto tulifukuzwa kabla ya chakula."

Walipiga picha ya kwanza baada ya chakula cha mchana. Gu Dapeng, mchekeshaji aliyeigiza bwana harusi, alitangulia mbele akijikwaa na kujipepea kwa kofia yake. Nyuma yake wabebaji waliitikisa machela. Sauti zingeingizwa baadaye, kwa hiyo Kuang alikuwa huru kupayuka kadiri alivyotaka.

"Tikisa! Nataka arukeruke kama karanga kwenye chungio! Peilan, piga kelele! Vizuri! Zaidi!"

Peilan alipiga kelele. Alipiga kelele mpaka Dapeng, aliyekuwa amempa mgongo, akageuka huku kamera bado inazunguka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini ya kazi yake. Kelele zile zilikuwa za watu wawili.

"Kata!" alisema Kuang. "Dapeng, umeniharibia. Umeona nini?"

Dapeng alienda kufungua mlango, ukagoma. Aliuvuta kwa mikono miwili mpaka ukaachia, na Peilan akamwangukia kifuani. Shingoni alikuwa na alama za vidole.

"Kaka Dapeng," alinong'ona. "Nani mwingine alikuwa humu?"

"Hakuna mtu, mdogo wangu."

"Yupo. Nimekalia mapaja yake."

Harufu ilitoka ndani ya kijumba, ya poda ya wanawake iliyochanganyika na matapishi. Tong aliinusa, akatazama uso wa Peilan, akaanza kucheka. "Huyu anajua kazi! Hata mimi amenitisha!" Alicheka akipiga mapaja. Wenzake walicheka naye, wakanyamaza, yeye hakunyamaza. Macho yalimtoka, mikono ikaanza kupapasa mashavu kana kwamba anazuia kitu kisifunguke, na kicheko kikaendelea kumtoka, kikubwa, kikavu, mpaka wakasikia taya likilia kama kuni inayovunjwa kwa goti. Kidevu kiliangukia shingoni, ngozi ya pembe za mdomo ikachanika upande huu na upande huu, damu ikamwagika kifuani, na bado alicheka, kwa koo tupu, hadi alipozimia.

Walimpeleka hospitali. Mzee Lian akamwendea mwongozaji.

"Bosi Kuang, kitu hiki nakirudisha dukani leo hii."

"Taya limechomoka, Lian. Mataya huchomoka."

"Kwa kucheka?"

"Kesho tunarudia. Tafuta mbebaji mwingine."

Peilan alikataa kuingia. Kuang hakumgombeza. Aliketi naye, akamwambia kwa upole kwamba tukio lile ndilo roho ya filamu, kwamba angeingia mara moja tu, kwamba mlango usingefungwa. Dapeng alisikia yote na hakusema neno. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa lolote jingine.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Peilan aliingia katika machela akiwa amevaa nguo nyekundu na shela. Mzee Lian aliufunga mlango wazi kwa kamba. Taa ziliwashwa. Wabebaji waliinua, wakapiga hatua mbili, na mlango ukajibamiza wenyewe na kuikata kamba.

"Endelea!" alifoka Kuang. "Inapendeza! Endelea!"

"Hatutikisi sisi, Bosi!" alisema mbebaji wa mbele. "Hatutikisi!"

Waliachia miti, wakakimbia. Machela haikuanguka. Ilibaki hewani, kimo cha mabega, ikayumba kushoto na kulia, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, na ndani yake mwili ulisikika ukigonga mbao, bega, kichwa, goti, bega, na sauti ya Peilan ikiita "Fungueni" kwa Kimandarini cha mjini, na sauti nyingine ikiita "Fungueni" kwa lafudhi nzito ya mashamba ya Shandong, mpaka chini ya mlango pakaanza kudondoka damu. Mpiga picha, Shen, alikuwa bado ameegemeza jicho kwenye kamera. Kupitia lenzi aliona tukio la kuchekesha, lenye taa nzuri, na akaguna kicheko kidogo cha puani.

Machela ilianguka. Mlango ulifunguka, na Peilan akatoka akitembea kwa magoti yaliyokunjika ovyo, shela limegandamana usoni kwa damu. Aling'oa mti mmoja wa kubebea, mti ambao mwanamume mmoja asingeweza kuuinua peke yake, akauzungusha. Pigo la kwanza lilivunja kamera pamoja na mkono wa Shen. La pili lilimpata Shen usoni, akaanguka na hakuinuka tena. Watu waligombania mlango wa jukwaa, wakakanyagana. Mlango ulikuwa umejifunga.

Dapeng alimrukia Peilan kwa nyuma, akamkumbatia. Msichana alimpiga kwa kisogo puani, pua ikavunjika, lakini Dapeng hakumwachia. Mzee Lian alileta zile kamba ngumu za kuwarushia waigizaji hewani, na wanaume sita wakamfunga kwenye nguzo.

Hapo alitulia. Aligeuza uso kumtafuta Kuang, akampata nyuma ya taa.

"Kijana wa ukutani," alisema, kwa sauti ya mwanamke asiyekuwa yeye. "Umekua. Sema lile neno lako."

Kuang alijisogeza zaidi nyuma ya taa.

Mzee Lian alikuwa ameoa mwanamke wa Kikantoni, na hekalu la mkewe lilikuwa hatua chache chini ya mlima. Alipenya kidirisha chembamba cha nyuma ya jukwaa, akarudi na Bi Fung, mtawa mzee mnene aliyekuja na jogoo kwapani na kuingia kwa kidirisha hichohicho huku akisukumwa matako, akimtukana kila aliyemsukuma. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Bi Fung alimchinja jogoo, akazungusha damu kwenye nguzo, akauliza kwa Kikantoni. Lian alitafsiri kwa Kimandarini.

"Anauliza, wewe ni nani?"

"Siku ile hakuna aliyeniuliza. Leo simwambii mtu."

"Umekuja kufanya nini kwa mtoto huyu?"

"Nilikuwa na pumu," ilisema sauti. "Niliwaambia kabla hawajafunga. Nikagonga, wakacheka. Nikaita mama, wakacheka. Walipochoka wakataka kunitua, na yule pale juu ya ukuta akasema tena. Wakanitikisa tena. Akasema tena. Ndani ya ile ya tatu nikafa."

Mikono ya Peilan ilichomoka kwenye kamba, ikamshika shingo yake mwenyewe, ikaanza kukaba. Dapeng alijaribu kuibandua. Alivunja kidole kimoja cha msichana na mkono haukulegea. Bi Fung alisema jambo fupi, na Lian akalitafsiri bila kumtazama mtu.

"Anasema bibi harusi hataki ubani wala jogoo. Anamtaka mtu wake aingie ndani. Asipoingia, atamchukua huyu."

Wote wakamtazama Kuang.

"Nilikuwa na miaka saba!" alipiga kelele. "Saba! Mtoto anajua nini?"

"Jana ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza Dapeng. Damu ya pua ilikuwa ikimchuruzikia mdomoni. "Jana nilimtoa ana alama shingoni. Ukasema turudie. Na mimi nikanyamaza."

"Dapeng, ndugu yangu, nina familia."

"Mtazame usoni, Bosi. Mtazame tu."

Uso wa Peilan ulikuwa umegeuka zambarau na ulimi umetoka. Kuang aliutazama kwa muda ambao Dapeng aliuona mrefu kupita kiasi. Kisha alivua miwani yake, akampa Lian amshikie, akaenda mpaka kwenye machela na kuingia kwa kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayeketi kunyolewa. Mlango ukajifunga.

Vidole vya Peilan vikalegea.

Machela ilipanda hewani. Kwanza Kuang alitoa amri, kwa mazoea ya kazi: kata, zima taa, kata. Kisha akaomba. Kisha akaomba msamaha, akimwita yule mwanamke mama mdogo, jina ambalo angemwita maisha yake yote kama bibi harusi huyo angefika hai siku ile nyumbani kwa ami yake. Mbao ziligonga na mifupa ikagonga, na damu ikarukia taa, ikawa inachemka na kunuka, na watu arobaini wazima, wengi wao wakiwa wamejifunza kwake kila walichokijua kuhusu kuchekesha, walisimama wakilia kwa sauti kwa sababu walihisi kwamba yeyote ambaye angenyamaza angedhaniwa anazuia kicheko. Alimwita mama yake mwisho. Kisha machela ikashuka chini, kwa upole, kama inayotuliwa na wabebaji wanaoijua kazi yao.

Mlango wa jukwaa ulifunguka wenyewe, na jua la saa sita likaingia.

Polisi waliandika kwamba vifaa vizito vilianguka vikaua watu wawili. Machela ilichomwa nyuma ya karakana mbele ya Bi Fung, ambaye hakuondoka mpaka chuma cha bawaba kilipokuwa cheupe. Filamu haikumalizwa. Tong alipona taya lakini hakurudi studio, na Mzee Lian alifungua kibanda cha kuuza tambi.

Peilan hakuwa na ndugu Hong Kong. Alipotoka hospitali, Dapeng na mkewe walimchukua nyumbani kwao. Alikuwa mgonjwa mwepesi wa kutunzwa: alikula alichopewa, alilala alipoambiwa, hakulalamika hata siku madaktari walipomnyoosha upya magoti yaliyounga vibaya. Mke wa Dapeng alikuwa akimsifu kwa majirani. Mtoto mtulivu, alisema, huwezi kujua kama yumo ndani.

Dapeng hakutaka yule bibi harusi abaki bila jina. Aliwaandikia watu wa ukoo wa Kuang kule Shandong, akaeleza yote, akaomba jina tu ili aliandike kwenye kibao hekaluni kwa Bi Fung. Jibu lilifika Novemba, kutoka kwa binamu mzee wa marehemu. Dapeng aliisoma barua mezani, mchana, wakati Peilan akimenya vitunguu saumu mbele yake.

"Bwana Gu," iliandikwa, "machela ile iliua mabibi harusi wawili. Ami yetu alioa mara ya kwanza, na huyo ndiye aliyepiga kelele sana, wakati Shaoyi mdogo akiwa ukutani. Mwaka uliofuata alioa tena, na wazee walikataa kutengeneza machela nyingine. Wa pili hakutoa sauti hata mara moja. Wabebaji walidhani amelala. Tulipofungua mlango alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, amekwisha kupoa, na mpaka leo hatujui alikufa kwa kitu gani. Majina yote mawili ninayo. Niambie, mnamtafuta yupi?"

Dapeng aliikunja barua. Peilan aliinua macho, akamtazama kwa adabu, mikono imetulia mapajani, akingoja aambiwe la kufanya.

Dapeng alitaka kumuuliza jina lake, na hakuthubutu.