Dakika Arobaini Seva Ilipokwama

Fundi wa seva alikutwa amelala kifudifudi kati ya kiti na meza, kisogo kimepasuka. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa kando yake. Ulikuwa umefutwa vizuri, hauna hata alama moja ya kidole. Mashine ziliendelea kuvuma kana kwamba hakuna aliyekufa.

"Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi hii," alisema daktari wa uchunguzi. "Pigo moja, kutoka nyuma."

Inspekta, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwita mpokeasimu aliyeuona mwili kwanza. Ofisi ile ilituma magari ya wagonjwa. Raia akipiga simu, mpokeasimu huandika kwenye tovuti yao, na dereva aliye karibu huona kazi kwenye simu yake. Seva ndiyo iliyobeba tovuti hiyo, na fundi ndiye aliyeilea.

"Alikuwa na adui?"

"Kaka yule? Hata nzi alikuwa anamfungulia dirisha, afande." Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nani huingia humu?"

"Sote. Kila mtu na shida yake."

Inspekta akainamia skrini. Haikuwa na picha wala vitufe, maandishi meupe tu kwenye weusi.

"Hii ni nini?"

"Ndivyo alivyofanya kazi. Anaandika amri, seva inajibu. Mstari huu wa mwisho, saa tatu na dakika arobaini, ameomba kumbukumbu za tarehe sita mwezi uliopita. Alasiri, saa tisa hadi saa kumi."

"Siku hiyo kulikuwa na nini?"

"Tovuti ilikwama. Dakika arobaini nzima."

Inspekta akawaza. Mambo ya mwezi uliopita fundi ayafukue ya nini asubuhi yote hii? Yuko aliyemwomba.

"Nani walipiga simu dakika hizo?"

"Watatu. Niliwaandika kwa kalamu, ila bila tovuti sikuona dereva gani yuko karibu. Wawili walipona. Wa tatu ni binti wa dereva wetu mmoja. Pumu. Alikuwa na miaka kumi na tisa."

Dereva alikuwa uani, akiosha gari lililokwisha takata zamani.

"Una damu kwenye shati," alisema Inspekta.

Mkono wa dereva ukaruka moja kwa moja hadi kwenye kola, kabla hajaonyeshwa mahali. Kola ilikuwa safi. Ilikuwa mbichi pia. Imefuliwa sasa hivi.

"Sioni damu," alisema Inspekta taratibu. "Wewe ulijua ilikuwa wapi."

Dereva akaliachia dekio.

"Siku ile nilikuwa nimeegesha mtaa wa pili kutoka kwangu," alisema. "Nasubiri kazi, simu kimya. Mwanangu anakata roho, na baba yake yuko mtaa wa pili amekaa tu, afande."

"Ukamfuata fundi."

"Nilitaka kujua tu. Akaniambia, 'Karibu baba, tusome pamoja.' Kiingereza sikijui, lakini 'stop' naijua, miaka ishirini naiona barabarani. Nikaona jina lake, na 'stop'. Chini tena, jina lake, na 'stop'. Mara kumi na moja! Nikajua ndiye aliyezima. Mkono ukaitangulia akili."

Inspekta akatikisa kichwa. Mpokeasimu alikuwa amemsomea kumbukumbu zote, mstari kwa mstari.

"Baada ya kila 'stop' kuna mstari mwingine. Hukuuelewa."

"Unasemaje?"

"Unawasha. Seva ikikwama huzimwa kwanza, ndipo iwashwe upya. Diski ilikuwa imejaa, ikawa inakataa. Akaizima, akaiwasha, mara kumi na moja, mpaka ikaamka. Wiki nzima kabla ya hapo alimwandikia meneja kwamba diski inajaa, wanunue nyingine. Hakujibiwa."

Dereva akaketi chini, kwenye maji ya sabuni.

"Kwa hiyo alikuwa anampigania mwanangu."

"Ndiyo."

"Nami nimempiga kwa nyuma, akinisomea."

Inspekta akatoa pingu.

"Ana watoto?" aliuliza dereva.

"Mmoja. Wa kike."

Dereva akanyoosha mikono yote miwili apigwe pingu. "Nani atakwenda kumwambia?"

"Mimi," alisema Inspekta, na kufuli la pingu likamshinda mara mbili kabla ya kufunga.