Aliyepanda Katikati ya Herufi

Mwanzoni Zuena alidhani ni kidole chake kilichoteleza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kompyuta kuukuu zikiingia nchini pamoja na mitumba, na tajiri mmoja wa malori pale Makambako alikuwa amemkabidhi moja, yeye karani wa ofisi yake. Akichapa amri, majibu yalimwagika kwenye kioo kwa kasi asiyoweza kuifuata. Danford, fundi kutoka Njombe, akamwekea programu ndogo iliyoigiza mashine za zamani zilizotumia waya wa simu: majibu yatoke taratibu, herufi moja moja. Zuena alishukuru sana.

Halafu zikaanza kupenya herufi zisizo zake. Ofisi ikanuka ubani uliolowa. Alizifuata kwa kidole: NIMEPATA PA KUPANDA.

Nyuma yake, binti yake Anifa, aliyetoka shule, alikuwa akisubiri chakula.

“Ma,” akasema mtoto.

Zuena akageuka, akangoja. Mstari mzima ulikuwa umeshajiandika ndipo kinywa kile kidogo kikamalizia: “ma.”

Danford aliitwa, akaifuta programu. Kioo kikarudia kasi yake, lakini Anifa hakuirudia yake. Fundi aliomba kwa namna ya Kilutheri, akakiri kwamba lile halikuwa la ufundi tena.

Kijiko kilitoka sahanini kikafika mdomoni chakula kimeshapoa. Hospitali hawakuona ugonjwa. Zuena akawa anakaa kando ya kitanda, sikio kifuani pa mwanawe, akisikiliza pumzi ikiingia, ikiendelea kuingia, treni ya Zambia ikipiga honi na kupita na kupotelea mbali nayo bado inaingia, hata yeye mwenyewe akajikuta ameibana pumzi yake akiomba ile ya mtoto igeuke, na ilipogeuka alilia, maana ilikuwa imechelewa kuliko ya kabla yake.

Mwalimu Bashiru, msomaji wa dua, alisoma adhuhuri na kumuuliza jini aliyempanda mtoto anataka nini. Jibu lilitoka kinywani mwa Anifa silabi kwa silabi. Alasiri iliwakuta bado wanalikusanya. Kila kitu humpita mbio, alisema jini, malori, treni, watu. Mama huyu ndiye aliyepunguza mwendo.

“Hashuki mpaka apate pengine,” Mwalimu akanong'ona. “Tusimpe. Tuendelee kusoma.”

Zuena aliweka tena sikio kifuani. Palikuwa kimya. Alingoja, akangoja.

“Mimi hapa,” akasema. “Panda kwangu.”

“Mwanangu, usiseme hivyo,” Mwalimu akamsihi.

Alikuwa ameshasema. Harufu ya ubani ikamjaa puani. Anifa akakohoa, akavuta pumzi, akaketi, akasema kwa haraka kama watoto wote kwamba ana njaa, kwamba anataka ugali, akauliza kwa nini wanalia.

“Mama? Mbona hunijibu?”

Zuena alikuwa anamjibu. Alikuwa ameanza tangu mtoto alipokohoa, na midomo yake ndiyo kwanza ilikuwa inafunguka.